Siringi, sisikii vizuri: mwongozo wa kukaa dukani ukiwa na ulemavu

"Dada, wateja wanasema nina dharau. Nifanyeje?"

Swali hili naletewa kila mara, na anayeuliza huwa ni kijana aliyeanza kazi ya duka juzijuzi. Mmoja haoni vizuri, mwingine ana kigugumizi, mwingine mkono wa kulia haunyanyuki, na wengi, kama mimi, masikio yao ni dhaifu. Nimejibu mmoja mmoja hadi nikaona bora niyaandike yote mahali pamoja.

Sikio langu la kushoto halisikii kabisa. La kulia linasikia kwa msaada wa shimesikio, kile kifaa kidogo cha kuongeza sauti kinachovaliwa sikioni. Nauza vifaa vya ujenzi Moshi, upande wa Mbuyuni, na huu ni mwaka wa tisa. Kabla ya hapo nilikuwa kwenye duka moja Arusha, na huko nilidumu wiki tatu tu. Mzee mmoja aliingia nikiwa nimeupa mlango mgongo, napanga makopo ya rangi. Akasubiri shikamoo yake, haikuja. Akasema hodi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sikugeuka. Alipotoka akamkuta mwenye duka kibarazani, akamwambia, "Yule binti yako ana nyodo." Jioni ile nililipwa siku zangu nikaambiwa nisirudi. Hakuna aliyeniuliza kilichotokea, na mimi nilikuwa nimeficha hali yangu tangu siku ya kwanza, kwa hiyo sikuwa na pa kuanzia kujieleza.

Kabla ya hatua, elewa jambo moja. Kwetu adabu huonyeshwa kwa mwili. Ukisalimiwa unaitika. Mkubwa akiingia unainuka. Unatoa na kupokea kwa mkono wa kulia. Anayesema nawe unamtazama. Sasa sikio likiwa halisikii, mguu haunyanyuki, mkono wa kulia haupo, au jicho haliwezi kutulia, mteja asiyejua anaona mtu aliyekosa malezi. Anadhani umemsikia ukaamua kunyamaza. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni namna ya kumjulisha kabla hajakasirika. Wapo pia wanaojua vizuri na bado wanatukana. Hao nitawafikia kwenye hatua ya sita.

Tafuta vitu hivi kwanza

- Karatasi ngumu au kipande cha plaiwudi cha kuandikia kibao, na kalamu nene.
- Kalkuleta yenye namba kubwa, ambayo mteja akiwa upande wa pili anaweza kuisoma.
- Daftari mawili: moja la oda, moja la matukio. Kalamu ya oda ifunge uzi kwenye kaunta, la sivyo kila fundi ataondoka nayo.
- Kioo cha ukutani. Kipande ambacho fundi vioo amebaki nacho kinatosha, mradi kingo zake zimesuguliwa.
- Kisahani au trei ndogo ya chenji.
- Stuli ndefu, kama kusimama muda mrefu kunakuumiza.
- Kwa mwenye shimesikio: betri za akiba, na kikopo chenye mfuniko kilichotiwa vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.
- Mwenzako mmoja dukani anayeijua hali yako na mnayeelewana naye. Huyu hanunuliwi, lakini usianze kabla hujampata.

Hatua ya 1. Mweleze mwenye duka mapema

Sema siku ya kuomba kazi, au siku ya kwanza kabla hujagusa mzigo. Wengi wananipinga hapa, wanasema ukijitaja hupati kazi. Ni kweli kuna milango itafungwa, na inauma. Lakini kazi uliyoipata kwa kuficha utaishika kwa hofu, na siku ya lalamiko la kwanza utakuwa kama mimi siku ile Arusha.

Sema mambo matatu tu: unachoweza, kinachokushinda, na mtakachofanya. Mimi nilisema hivi: "Bosi, hesabu najua na bei nazishika haraka. Mtu akiwa nyuma yangu simsikii, na simu sisikii. Naomba nikae upande huu wa kaunta, na oda za simu zinijie kwa meseji."

Kisha ongeza ombi moja: "Mteja akilalamika kwamba nina dharau, naomba uniulize kabla hujaamua." Bosi wangu aliitikia kwa kichwa tu, sikujua kama amelichukua. Miezi miwili baadaye mama mmoja alipolalamika, aliniita akaniuliza. Ombi hilo ndilo limenifanya nidumu miaka tisa.

*Angalizo:* Usiseme "masikio yananisumbua kidogo." Ukisema kidogo, bosi atategemea usikie. Na usimpeleke mama au mjomba akusemee. Akikusemea siku ya kwanza, bosi atazoea kuzungumza naye badala yako, na utabaki mtoto dukani hadi uondoke.

Hatua ya 2. Panga unapokaa

Asiyesikia vizuri asome midomo, na midomo inahitaji mwanga. Kaa mahali ambapo mwanga wa mlango au dirisha unaangukia uso wa mteja. Mteja akisimama na mlango nyuma yake, uso wake unakuwa giza na hutasoma kitu. Kwenye duka refu na jembamba, kama mengi ya katikati ya mji wetu, maana yake kaunta iwekwe kwa ubavu, isiwe mwisho kabisa ikitazamana na mlango. Ikishindikana, omba taa ya kumulika upande wa mteja.

Kaa mbali na friji, feni na spika ya redio. Shimesikio huongeza kila sauti, na muungurumo wa friji ukiongezwa unafunika maneno.

Kioo kitundike pale unapotazama ukiwa unapanga rafu, kionyeshe mlango. Hiki ndicho kitu ambacho kingeniokoa na yule mzee wa makopo ya rangi.

Halafu kuna mvua. Kuanzia Machi hadi Mei masika ikipiga juu ya bati, hata wenye masikio mazima hawasikiani. Saa hiyo usijaribu kusikia. Toa daftari la oda, mpe mteja kalamu. Nimeona wateja wanafurahi, kwa kuwa na wao walikuwa wamechoka kupiga kelele.

Kwa mwenye uoni hafifu, kinachomfaa ni kila kitu kuwa na mahali pake pasipobadilika, na wenzake wote wakubali kurudisha vitu palepale. Andika bei kwa herufi za ukubwa wa kidole. Kwa anayetumia gongo au baiskeli ya miguu mitatu, pima njia ya nyuma ya kaunta kabla hujakubali kazi, maana maboksi yakishapangwa ni shida kuyahamisha.

Hatua ya 3. Andika kibao

Kibao changu kinasema hivi:

SISIKII VIZURI.
GONGA MEZA, NITAZAME USONI, SEMA TARATIBU.
KARIBU SANA.

Mstari wa kwanza unataja hali. Wa pili unamwambia mteja afanye nini. Wa tatu ni biashara. Badilisha kulingana na hali yako: "Nina kigugumizi, nipe nafasi nimalize," au "Sioni mbali, niambie umekuja," au "Nahudumia nikiwa nimekaa."

Kitundike mbele ya kaunta, usawa wa macho ya mteja, akione kabla hajakufikia. Wengi wanakiweka ukutani nyuma yao, na mteja anakiona akiwa ameshakasirika.

*Angalizo:* Usiandike "samahani" wala "naomba uvumilivu kwa mlemavu." Ukiomba radhi kwa maandishi kuanzia asubuhi hadi jioni, mteja ataamini kuna kosa. Na ujue kuna wateja wasiosoma, hasa bibi zetu wanaoshuka na ndizi asubuhi, na wengine wenye haraka. Kwao fundisha mkono wako ishara moja: gusa sikio, tikisa kichwa, tabasamu, kisha onyesha mdomo wako. Inaeleweka kwa Mchaga, Mmeru, Mmasai na Mpare bila neno hata moja.

Hatua ya 4. Salimia wewe wa kwanza

Kama utachukua jambo moja tu hapa, chukua hili. Ukisubiri kusalimiwa, lazima usikie. Ukisalimia wewe, jibu unalijua kabla halijatoka. Ukisema "Shikamoo mama," itarudi marahaba. Ukisema "Karibu kaka, habari za kazi," itarudi nzuri. Mteja ameitika, ameridhika, na wewe hukulazimika kusikia kitu. Fanya hivyo kwa kila anayevuka kizingiti, hata kama una mteja mwingine mkononi. Inua macho, salimia, rudi kwenye kazi.

Kwa mkubwa, shikamoo isikosekane hata siku moja. Kwa umri wa kubahatisha, salimia tu. Mama wa miaka arobaini akipewa shikamoo atacheka; asipopewa na alikuwa anaisubiri, umempoteza. Wateja wa Kimasai ni wengi Arusha, na mzee wa Kimasai akikaribia unaweza kuinamisha kichwa kidogo akiguse. Kijana anayefanya hivyo hawezi tena kuitwa mwenye nyodo.

Sasa kwa kila hali:

*Unayekaa.* Kijana aliyeketi wakati mzee amesimama, kwetu ni kosa. Kama polio, ajali au mguu wa bandia unakulazimu kukaa, acha gongo lionekane. Nimeona watu wanalificha chini ya kaunta kwa aibu, na matokeo yake mzee anaona kijana mvivu. Liegemeze pembeni ya kaunta upande wa mteja. Ukisalimia, inamisha kiwiliwili mbele na utoe mikono miwili. Mwili umeinama, na mzee amepata heshima yake.

*Unayetumia mkono wa kushoto.* Kumpa mtu pesa kwa mkono wa kushoto kunachoma hata wateja wapole. Dawa yake ni kisahani. Mteja anaweka hela kwenye kisahani, unaweka chenji kwenye kisahani, hakuna mkono uliompa mkono. Wafanyakazi wote watumie kisahani hichohicho, isiwe chako peke yako, ili kionekane utaratibu wa duka.

*Mwenye ualbino.* Wengi wana uoni hafifu, na macho huchezacheza bila kutulia. Mteja anadhani humtazami. Geuza uso mzima umwelekee, na sema "nakuona baba, karibu" hata kama unaona kivuli tu. Ukikunja macho kwa sababu ya jua inaonekana umenuna, kwa hiyo omba sehemu ya ndani, isiyopigwa na mwanga wa nje. Na ngozi usiisahau kwa kuwa uko dukani, maana kupakua mzigo kunafanyika juani. Mafuta ya kukinga jua ya Kilisun yanatengenezwa hapahapa Moshi, hospitali ya KCMC, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ulizia.

*Mwenye kigugumizi.* Salamu ndiyo inayokwama zaidi, kwa kuwa mteja anaingoja. Anza na mwili: kichwa kiiname, mkono kifuani, halafu neno lije kwa muda wake. Neno likigoma, livute polepole kama unaliimba. Mteja akikumalizia sentensi na akapatia, kubali usonge mbele. Akikosea, inua kidole kimoja umalizie mwenyewe.

*Mwenye uso usiotabasamu,* kwa kupooza upande mmoja, kwa usonji au kwa sababu nyingine. Tabasamu lako lipitishe kwenye maneno. Shika sentensi mbili tatu zisizobadilika, "Karibu sana, nikusaidie nini?" na "Asante, karibu tena," useme kwa kila mtu. Kama kutazama machoni kunakulemea, tazama katikati ya nyusi za mteja. Hataona tofauti.

Hatua ya 5. Namba zionekane, zisisikike tu

Ugomvi mwingi wa dukani unaanzia kwenye namba. Sita na tisa zinachanganya hata masikio mazima, na kwenye midomo zinafanana kabisa. Elfu sita ikisikika elfu tisa, tayari umeitwa mwizi. P, b na m zote hufunga midomo vilevile. Msumari na msumeno zinaanza sawasawa. Nimewahi kumletea fundi misumeno miwili, naye alitaka kilo mbili za misumari. Kwenye bati ni hatari zaidi. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na mteja aliyelipia 28 akafungiwa 30 hatakuelewa akiwa ameshafika Marangu.

Kwa hiyo:

a) Rudia oda kwa sauti na ionyeshe kwa vidole au kwa kuandika. "Mifuko kumi ya saruji, nondo za milimita 12, tano." Subiri kichwa kiitikie.

b) Bei iandike kwenye kalkuleta, uigeuzie kwa mteja. Akitaka kupunguziwa, mpe kalkuleta aandike yake. Mapatano yote yanaweza kwenda hivyo, na wengi wanayapenda kwa kuwa hakuna wa pembeni anayesikia bei aliyopewa.

c) Hela ikitolewa, ihesabu juu ya kaunta, mteja akiona, kabla haijaingia kwenye droo. Mwenye uoni hafifu ataje kila noti: "Umenipa elfu kumi."

d) Malipo ya simu: soma ujumbe ulioingia kwenye simu ya duka. Usikubali kuonyeshwa simu ya mteja, hata akikukazania kwamba "imeshaenda." Matapeli huchagua muuzaji ambaye wanadhani hawezi kubishana.

Hatua ya 6. Ukali ukianza

Wapime kwanza. Wateja wakali wako wa aina tatu, na kosa kubwa la wanaoanza ni kuwajibu wote sawa.

Wa kwanza *hajui.* Amekuita mara mbili, hukugeuka, sasa anafoka. Gusa sikio, mwonyeshe kibao, sema: "Samahani baba, sisikii vizuri, sikukusudia. Karibu, nikupe nini?" Asilimia kubwa inaishia hapo. Wengine watainamisha uso kwa aibu. Usiwaache kwenye aibu hiyo, hudumia haraka uwatoe. Wapo walioanza na mimi kwa kufoka na sasa wakifika wanagonga meza mara mbili wakicheka.

Wa pili *amekuja na hasira zake.* Fundi ana watu wanne wanamsubiri saiti na zege linaganda. Huyu hata kibao hakimhusu. Mpe kasi. Usimweleze ulemavu wako, hana muda nao. Andika, onyesha bei, toa mzigo.

Wa tatu *anajua na anakusudia.* Anaigiza kigugumizi chako. Anamuuliza mwenzako, "Huyu naye mmemtoa wapi?" Anakuita bubu. Hapo sema sentensi moja, kwa sauti ya kawaida, mara moja tu: "Kaka, bei ni hii. Nikuhudumie, au nimwite mwenzangu?" Swali hilo linamlazimu achague. Akiendelea, ondoka kwenye kaunta, mwite mwenzako. Hujashindwa. Umekataa kuwa sehemu ya maigizo yake.

Akikugusa, akivuta shimesikio, akichukua gongo lako, huduma imekwisha. "Hapo basi, sitakuhudumia." Hili kubaliana na bosi mapema, siyo siku lenyewe linapotokea. Bosi asiyekubali hata hilo, anza kutafuta duka jingine taratibu.

Na kwa ndugu zangu wenye ualbino: mteja akitamka neno "dili" juu yako, yaani kwamba viungo vyako ni biashara, hata kwa kicheko, usilihesabu kama utani. Sote tunajua watu walivyouawa na kukatwa viungo katika nchi hii. Hilo ni tishio. Shika sura yake na mavazi, namba ya gari au bodaboda kama ipo, mwambie bosi saa hiyohiyo, toa taarifa polisi, na siku hiyo usirudi nyumbani peke yako.

Huruma iliyopitiliza nayo inachosha, tena inakuja na sura nzuri. Mama anakushika kichwa anakuombea katikati ya foleni. Mwingine anakuachia mia tano "ya soda" kwa sababu ya hali yako. Sina ugomvi na maombi, na mimi ni mwana kanisa, lakini kazini nilikuja kuuza misumari. Jibu langu: "Asante mama, Mungu akubariki. Ni ya inchi tatu au nne?" Anarudi kwenye swali la misumari, na mambo yanaendelea.

Kuhusu majina: neno *kiziwi* halinitukani. CHAVITA yenyewe ni Chama cha Viziwi Tanzania. *Bubu* ni neno jingine, wengi wetu tunasema, kwa mdomo au kwa lugha ya alama. *Zeruzeru* na *kilema* pia zinaumiza. Mteja akitumia kwa kutojua, mrekebishe kwa neno moja kisha uendelee kumhudumia.

Hatua ya 7. Andika matukio

Daftari la pili ndilo hili. Kila tukio andika tarehe, saa, maneno yenyewe yaliyosemwa, aliyekuwepo, na ulichofanya. Mistari mitatu inatosha. Andika siku hiyohiyo kabla ya kufunga duka.

Daftari lina kazi mbili. Ya kwanza ni kukuonyesha tatizo liko wapi. La kwangu la mwaka wa kwanza lilionyesha kwamba karibu ugomvi wote ulitokea kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni, mafundi wanaporudi kutoka saiti kwa pamoja, na betri yangu imechoka. Bosi aliongeza mtu saa hizo, nami nikaanza kubadili betri saa kumi. Nusu ya matatizo ikaisha bila kumgombeza mtu. Kazi ya pili ni ushahidi, kama mambo yatafika mbali.

*Angalizo:* Usiandike "alinidharau." Andika alichosema. Msomaji mwingine ataona dharau mwenyewe.

Hatua ya 8. Jua sheria inakofikia

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa sababu kadhaa, ulemavu ukiwamo, na inahesabu unyanyasaji wa msingi huo kuwa ni ubaguzi. Katazo hilo linamgusa hata anayeomba kazi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Maduka yetu mengi ya Moshi na Arusha yana watu watatu au wanne, kwa hiyo asilimia hiyo haiyafikii. Kampuni kubwa na supamaketi zinaweza kufikiwa. Ubaguzi ni marufuku kote.

Mgogoro wa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi wanaiita CMA, kwa kujaza fomu namba 1. Ukiachishwa kazi una siku 30 tangu ulipoachishwa. Migogoro mingine siku 60. Wengi wanachelewa wakisubiri bosi atapoa. Ujue pia kwamba aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hawezi kudai kuwa aliachishwa isivyo halali kwa njia ya kawaida, ila dai la ubaguzi ni jambo jingine. Mimi wakati ule sikujua lolote kati ya haya.

Kabla ya kufika huko, zungumza na chama chako. SHIVYAWATA ndilo shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu nchini, na chini yake utakuta cha viziwi, cha wasioona, cha wenye ualbino na vingine. Kiongozi wa chama akimtembelea bosi wako kwa mazungumzo ya dakika kumi, mara nyingi yanaisha palepale. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri naye anaweza kufanya hivyo.

Mambo yakikwama

*Nimeweka kibao, bado wanafoka.* Simama mahali anaposimama mteja, ukitazame. Yawezekana kimezibwa na boksi la bolti, au maandishi ni madogo. Mara nyingi ni hilo.

*Shimesikio limezima katikati ya foleni.* Badilisha betri. Zile ndogo zenye kibandiko huanza kufanya kazi zikipata hewa, kwa hiyo bandua kibandiko, subiri kama dakika moja, kisha weka. Usibandue za akiba mapema, zitakufa kwenye kikopo. Likiendelea kuwa kimya, angalia nta kwenye tundu. Nta ya sikioni usiichokonoe kwa kijiti wala kichwa cha kalamu, nenda kliniki ya masikio, pua na koo. KCMC ipo.

*Mwenzangu ndiye anayenicheka, siyo wateja.* Zungumza naye peke yake mara moja, nje ya saa za wateja. Isipobadilika, daftari la matukio linamhusu na yeye. Wateja humwiga muuzaji. Mwenzako akikuita jina baya, kesho yake mteja atalitumia.

*Bosi amenihamishia stoo "nipumzike."* Muulize kama mshahara na kamisheni vinabaki vilevile. Kisha muulize ni lalamiko gani lilitokea. Kama hakuna lalamiko, omba mwezi mmoja wa kujaribu kaunta kwa mpangilio wa hatua ya 2, na mpe tarehe ya kukaa tena kuzungumza.

*Nimechoka kuajiriwa.* Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Kaulize kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Na kama unataka kazi ya mikono ambapo wengi wanaokuzunguka wana ulemavu, karakana ya Arusha iitwayo Shanga inafahamika kwa kuajiri watu wenye ulemavu, wakiwamo viziwi, kutengeneza vitu vya shanga na kioo kilichotumika.

*Nimelia mbele ya mteja.* Ingia stoo, nawa uso, kunywa maji, rudi. Nimefanya hivyo zaidi ya mara moja na sikufukuzwa.

*Aliyenitukana wiki iliyopita ameingia tena.* Umemwona kwenye kioo akiwa bado mlangoni. Geuka. "Shikamoo baba, karibu." Mpe kalkuleta.